Upimaji wa Afya katika Meli za Kitalii Wakati wa Janga: Kutoka Kamera za Joto hadi Vipimo vya Virusi

Kamera ya joto ndiyo teknolojia iliyoonekana zaidi bandarini mwanzoni mwa janga la UVIKO-19. Iliwekwa karibu na ngazi ya kupandia melini, na husoma joto la uso, hasa kwenye pembe ya ndani ya jicho, bila kumgusa abiria. Kwa foleni ya watu elfu tatu wenye mizigo, kasi hiyo si haba. Hata hivyo, joto la ngozi hudanganya: aliyesimama juani huonekana ana homa, na mwenye homa aliyemeza dawa ya kuishusha hupita bila kuulizwa.

Udhaifu mkubwa zaidi ulidhihirika katika meli ya Diamond Princess, iliyowekwa karantini Yokohama, Japani, Februari 2020. Kati ya watu 3,711 waliokuwamo, 712 waligundulika na virusi vya korona, na karibu nusu yao hawakuwa na dalili yoyote walipopimwa. Hao, kamera isingewanasa hata ingekuwa bora namna gani.

Ilibidi basi kutafuta virusi vyenyewe. Kipimo cha PCR hurudufisha vinasaba vya virusi hadi hata vichache vionekane, lakini huhitaji mashine na mtaalamu. Kipimo cha antijeni hutafuta protini za virusi, ni nafuu, na majibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 30; kasoro yake ni kwamba humkosa kwa urahisi aliyeambukizwa karibuni. MSC Grandiosa ilipoanza tena safari kutoka Genoa, Italia, Agosti 2020, abiria wote walipimwa antijeni kabla ya kupanda.

Kupima watu wengi wazima nako kuna adha yake. Kipimo kinachokosea kwa mtu 1 katika kila wazima 200 kitawaita wagonjwa abiria 15 kati ya 3,000 wasio na maambukizi hata kidogo. Kosa moja tu linatosha kukatiza safari. Desemba 2020, Quantum of the Seas ilirudi Singapore kabla ya wakati baada ya abiria mmoja mzee, aliyekwenda zahanati ya meli kwa sababu ya kuhara, kupimwa na kuonekana ana virusi. Wasafiri wakafungiwa vyumbani. Maabara ya taifa ilipopima upya sampuli ileile, kisha sampuli mpya, haikukuta kitu. Kurudi huko kulikuwa uamuzi sahihi kwa taarifa zilizokuwapo. Kilichohitajika ni njia ya haraka zaidi ya kuhakiki majibu melini.

Katika safari hiyo abiria walibeba pia vifaa vidogo vya kielektroniki vilivyorekodi nani alikuwa karibu na nani. Kifaa cha namna hiyo hakigundui ugonjwa. Kazi yake huanza baada ya mgonjwa kupatikana, pale daktari wa meli anapotaka kujua awatenge watu ishirini au sitaha nzima.

Kipimo cha bandarini hueleza hali ya siku hiyo tu, ilhali virusi huweza kukaa mwilini siku kadhaa kabla ya kuonekana. Kwa kampuni yenye bajeti ndogo, kuwapima abiria na mabaharia mara ya pili katikati ya safari kuna manufaa zaidi kuliko kununua kamera ghali ya langoni.