HER2 na Tiba Lengwa ya Saratani ya Matiti: Ishara ya Ukuaji Inavyowashwa na Inavyozuiwa



Nimechagua kipokezi kimoja tu, HER2, kwa sababu ukikielewa hicho, dawa nyingi za tiba lengwa hazitakusumbua.

Seli ya titi yenye afya ina nakala mbili za jeni ya HER2, na vipokezi vyake juu ya utando ni vya kiasi. Katika saratani takriban 15 hadi 20 kati ya kila 100 za matiti, jeni hiyo hujirudufu kupita kiasi. Vipokezi husongamana na kuungana viwiliviwili bila kungoja kichocheo. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wenye nakala nyingi za jeni hii hurudiwa na ugonjwa mapema na huishi muda mfupi zaidi.

Vipokezi vikishaungana, sehemu zao za ndani hupachikwa fosfati na ishara hushuka kwa njia mbili kuu. Moja hupita protini za RAS, RAF, MEK na ERK hadi kwenye kiini, ikachochea seli kugawanyika. Nyingine hupita PI3K, AKT na mTOR; hii huifanya seli itengeneze protini, ikue, na isife hata pale inapostahili kufa. Muungano wa HER2 na kipokezi ndugu yake, HER3, ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa HER3 huikaribisha PI3K moja kwa moja.

Dawa huizuia ishara hii katika sehemu tofauti. Trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hunasa HER2 kwa nje, karibu na utando, na pia huita seli za kinga zije kushambulia. Pertuzumab hunasa pale hasa HER2 inaposhikana na HER3. Lapatinib ni kidonge; huingia ndani ya seli na kukalia nafasi ya ATP kwenye kinasi, yaani sehemu ya ndani ya HER2 inayopachika fosfati. AKT ikitulizwa, protini iitwayo p27 huongezeka kwenye kiini, na seli husimama kabla ya kuanza kunakili DNA yake.

Hata hivyo, maji yakizibwa huku hutafuta upenyo kule. Jeni ya PIK3CA ikibadilika, au PTEN, protini inayoizuia PI3K, ikipotea, njia ya PI3K hubaki wazi ingawa HER2 imebanwa. Na tusisahau moyo: misuli yake nayo huitegemea HER2, ndiyo maana mgonjwa hupimwa moyo kabla ya dozi ya kwanza na kila baada ya miezi mitatu hivi.

Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumab kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likathibitisha ubora wa dawa ya kwanza inayofanana nayo. Hatua hizo ni kubwa, lakini dawa hii haimfai mgonjwa ambaye uvimbe wake hauna HER2 ya ziada, na jibu la maabara linaloonyesha hilo haliwezi kuwa bora kuliko kinyama, yaani kipande cha uvimbe, kilichopelekwa. Kinyama kilichochelewa kuingia kwenye fomalini kinaweza kuonekana hakina HER2, na mama akanyimwa dawa iliyomfaa.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa vyumba vya upasuaji: kinyama kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72, na muda wa kukikata na wa kukitumbukiza uandikwe kwenye fomu.