Mdudu Hajui Mpaka wa Shamba
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Longisa)

 

Naanza na swali. Ni kikundi gani hapa kinaweza kuweka akiba yake yote mfukoni mwa mwanachama mmoja? Mnacheka. Hakuna! Huyo akianguka, kikundi kimekwisha. Basi mbona shambani tunafanya hivyo? Mvua ndefu mahindi, mvua fupi mahindi tena, mwaka baada ya mwaka.

Kumbukeni Septemba 2011. Ugonjwa wa mahindi uliokuwa haujawahi kuonekana Kenya uliripotiwa kwanza hapa hapa Longisa. Majani yaligeuka manjano yakakauka kuanzia kingoni, na magunzi yakabaki na punje chache. Baadaye ulionekana Chepalungu, Narok na Naivasha, halafu nchi jirani. Wataalamu walipata kwamba ni virusi viwili vinavyoshirikiana, vikibebwa na vidukari na wadudu wengine wadogo wa majani. Mahindi yakishaugua, hakuna dawa ya kuyaponya.

Kwa nini ugonjwa ulikaa kwetu? Sababu moja ni kwamba mdudu hakukosa mahindi hata mwezi mmoja. Shamba moja likikauka, kuna lingine bichi ng'ambo ya ua.

Sasa tazameni msitu wa Mau. Mungu hakupanda mti mmoja tu. Kuna tebeswet, kuna silibwet, kuna mianzi. Mmoja ukiugua, mingine imesimama. Na kila mmea una kazi yake: mizizi hushika udongo, majani yaliyooza huurutubisha, maua hulisha nyuki. Hata shambani, maharagwe huongeza naitrojeni udongoni kwa vile vinundu vya mizizi yake, na viazi vitamu huufunika udongo mvua isiuchukue.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, ng'oeni mahindi yanayougua mara mnapoyaona. Pili, mkishavuna, msimu unaofuata pandeni maharagwe, viazi, vitunguu au managu. Msibadilishe mahindi kwa wimbi, kwa maana nalo limepatikana na virusi hivyo. Tatu, fanyeni pamoja, kijiji kizima. Mmoja akibaki na mahindi, amewafugia wenzake wadudu.

Najua mama mmoja ataniuliza, "Na watoto watakula ugali gani?" Swali lake ni la haki. Msimu bila mahindi ni msimu wa kununua unga, na wengine hawana pesa hiyo. Ndiyo sababu sikuja kumwambia mtu mmoja mmoja. Nimekuja kwa vikundi. Mchango wa mzunguko mmoja unaweza kununua mbegu za maharagwe kwa wote, na mwenye gunia ghalani anaweza kumkopesha asiye nalo.

Tusitawanyike leo kabla kila kikundi hakijasema kitapanda nini. Mungu awabariki.