Wawili na Kipakatalishi Kimoja: Kwa Nini Mchezo wa Kwanza Uwe Mdogo

Mada ya semina ya vijana na ubunifu wa kidijitali, Mukumu, Kaunti ya Kakamega

Mtu anayeketi nyumbani Mukumu na rafiki yake kutengeneza mchezo wa video kwa mara ya kwanza huwa tayari ana picha ya mchezo huo kichwani, na mara nyingi picha hiyo imetoka kwenye kibanda cha PlayStation: uwanja wa kandanda uliofurika mashabiki, au mji mzima ambao mchezaji anauzunguka kwa gari apendavyo. Michezo ya namna hiyo hutengenezwa na mamia ya watu walioajiriwa, kwa miaka, na wengi wao hawaandiki hata mstari mmoja wa msimbo; kazi yao ni kuchora nyasi, kunasa mienendo ya miili, kujadiliana na vilabu kuhusu majina na jezi. Hoja ya mada hii ni kwamba miradi ya nyumbani haifi hasa kwa kukosa mashine wala kwa kukosa vipaji. Hufa kwa sababu waanzilishi walichagua mchezo ambao watu wawili hawawezi kuumaliza. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza, unaotangulia hata uchaguzi wa programu, ni kuupunguza mchezo mpaka uwatoshe watu wawili.

Historia fupi ya fani hii nchini inaelekea upande huo, ingawa haikunyooka. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa pande tatu ambao hutajwa mara kwa mara kuwa wa kwanza wa aina yake kutoka Kenya, na aliufanya kwa sehemu kubwa peke yake. Hapo mpinzani ataniuliza: kama mtu mmoja aliweza, wawili watashindwaje? Jibu ni kutazama alichofanya baadaye. Mwaka 2009 aliungana na Eyram Tawia wa Ghana, ambaye naye alikuwa ametengeneza mchezo wake, wakaanzisha Leti Arts yenye makao Accra na Nairobi, na humo wakageukia michezo ya simu na vibonzo vya kidijitali vya mashujaa wa Kiafrika. Aliyekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kubeba mzigo mzito peke yake ndiye aliyetafuta mwenzake na kuchagua kazi nyepesi zaidi. Nairobi X ya Andrew Kaggia na Black Division Games, iliyotoka mwaka 2015 na kuonyesha viumbe wa anga za mbali wakiuvamia mji mkuu wetu, nayo haiwezi kutumiwa kama kipimo cha wanaoanza. Kaggia alikuwa tayari amejulikana kwa katuni yake ya Wageuzi. Alipoingia kwenye mchezo wa kupigana risasi, uundaji wa pande tatu haukuwa kitu kigeni kwake.

Nje ya Afrika mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni Super Meat Boy, uliotoka Oktoba 2010 kutoka kwa Edmund McMillen na Tommy Refenes, Wamarekani wawili waliokuwa wakiishi majimbo tofauti, mmoja akichora na kubuni, mwingine akiandika msimbo. Kinachosahaulika ni kwamba mchezo huo haukuanza ukiwa vile. Ulitanguliwa mwaka 2008 na Meat Boy, mchezo mdogo wa bure wa kuchezwa kwenye kivinjari, na ni udogo ule uliowaonyesha watu kwamba kuruka na kuteleza kwa kile kipande cha nyama kuna raha. Atakayenitajia Eric Barone, aliyetengeneza Stardew Valley peke yake mpaka ukatoka Februari 2016, akumbuke pia kwamba kazi ile ilichukua zaidi ya miaka minne, na kwamba mchumba wake alimsaidia gharama za maisha. Nyumba ngapi hapa kwetu Isukha zinaweza kumvumilia kijana wa umri wa kufanya kazi kwa miaka minne bila kumuuliza analeta nini?

Sasa udogo huu una sura gani? Chukua vitu viwili ambavyo eneo letu linajulikana navyo: mapigano ya fahali na ngoma ya isukuti. Wengi wangekimbilia fahali, kwa kuwa vumbi, pembe na makelele yao yanafanana na michezo tuliyoizoea. Lakini fahali wa pande tatu anahitaji umbo, mifupa ya kumwendesha, miondoko ya kutembea, kusukuma, kuteleza na kukimbia, halafu fahali wa pili, halafu umati. Isukuti, ambayo UNESCO iliiandikisha mwaka 2014 kati ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe na njuga za chuma, huku mwimbaji kiongozi akiongoza safu za wachezaji. Ngoma tatu kwenye kioo cha simu ni maduara matatu. Msanii mmoja anaweza kuyachora kwa siku chache, na rafiki yake akayafanya yaitikie kidole.

Hata hapo kuna ugumu halisi, na ndio unaostahili nguvu za hao wawili. Simu za bei nafuu, ambazo ndizo wachezaji wetu wanazo, huchelewesha sauti: kidole kinagusa kioo, mlio unatoka baadaye kidogo, na kila simu ina ucheleweshaji wake. Kwa mchezo wa kupiga risasi si neno, lakini kwa mchezo wa mapigo ya ngoma ni kifo, maana sikio hugundua kasoro ndogo sana. Njia ya kawaida ni kuweka ukurasa wa kupimia, mchezaji apige kufuata mlio na programu ikokotoe tofauti. Njia iliyo bora zaidi, kwa maoni yangu, iko ndani ya ngoma yenyewe. Kiongozi huanza, wengine huitikia. Mchezo upige kipande, unyamaze, kisha mchezaji akijibu bila mlio, programu ipime nafasi kati ya pigo lake moja na linalofuata. Ucheleweshaji ukiwa uleule kwa kila pigo, nafasi kati ya mapigo haibadiliki, na kasoro ya simu inajifuta. Hili ni suluhisho ambalo fedha nyingi zisingelileta. Limeletwa na kuijua ngoma na kuijua simu kwa pamoja.

Kuhusu zana nitapita haraka. Godot, injini ya kutengenezea michezo iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Ajentina, nao wawili, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2014 na haina ada wala mgawo wa mapato. Hilo lina uzito, kwa sababu mwaka 2023 kampuni ya Unity, yenye injini nyingine ya michezo, ilitangaza kuwatoza watengenezaji kwa kila usakinishaji, ikaja kulifuta wazo hilo mwaka uliofuata baada ya malalamiko mengi. Godot yenyewe ni nyepesi kupakua, ila faili za kuugeuza mradi kuwa programu ya simu hukaribia gigabaiti nzima, basi zifuatwe mahali penye Wi-Fi badala ya kumaliza bando. Kwa kuwa huhifadhi kazi kama maandishi, marafiki wanaopokezana kipakatalishi kimoja wanaweza kutumia Git, programu ya kuhifadhi kila hatua ya kazi, stima ikipotea wasipoteze yote.

Pingamizi zito zaidi si la kiufundi. Linasema: kuwaambia vijana wa kijijini wafanye kidogo ni kuwafundisha kujidharau, wakati wenzao wa Nairobi wanaota makubwa. Naliheshimu pingamizi hili, lakini linachanganya ukubwa wa mchezo na ukubwa wa nia. Mchezo uliokamilika una mwanzo, mafunzo, ugumu unaopanda, mwisho, na mtu asiyewajua waundaji akaucheza bila kuelekezwa. Kufikisha kitu kidogo hapo ni vigumu kuliko kuanzisha kitu kikubwa, na nusu ya mji wa pande tatu haimfundishi mtu jinsi ya kumaliza.

Pingamizi la fedha ni la kweli na halifai kufunikwa. Mchezo wa kwanza hautalipa karo. Kwenye maduka ya mtandaoni ya michezo, akaunti ya Google Play ni dola 25, hulipwa mara moja, Steam hudai dola 100 kwa kila mchezo, itch.io haidai kitu. Kwa akaunti mpya za kibinafsi Google hutaka wajaribu 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusu mchezo utolewe kwa wote. Mjini sharti hilo husumbua wengi. Hapa, penye shule, hospitali ya misheni na soko la Khayega kwa umbali mfupi, watu 12 hupatikana, na watasema ukweli wao bila kuombwa mara mbili. Faida ya mchezo wa kwanza ni hiyo: maoni ya watu wasio na sababu ya kukusifu, na kitu cha kumwonyesha mwajiri au mfadhili.

Wapo wanaoona kuandikiana mkataba na rafiki ni kumtilia shaka. Naona kinyume chake. McMillen na Refenes walifanikiwa pamoja, lakini Super Meat Boy Forever, uliotoka mwaka 2020, ulitengenezwa bila McMillen. Marafiki hutengana hata penye mafanikio. Sheria ya hakimiliki ya Kenya huihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, kwa hiyo msimbo una mwenyewe, picha zina mwenyewe, na sauti zina mwenyewe. Ukurasa mmoja wenye sahihi mbili unatosha: nani anamiliki nini, mapato yagawanywe vipi, nani ana neno la mwisho juu ya sura na nani juu ya uchezaji, na mmoja akipata kazi Eldoret mwenzake aruhusiwe kuendelea au la. Wakati wa kuuandika ni sasa, mchezo ukiwa bado hauna thamani ya kugombaniwa.

Mkataba huo hauwahusu wawili peke yao. Mapigo ya isukuti si mali ya anayeyarekodi. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inataka ridhaa ya jamii yenye sanaa hiyo kabla ya kuitumia nje ya desturi, na aliyezaliwa hapa asijihesabu kuwa ameruhusiwa kwa sababu ya kuzaliwa tu. Basi kabla ya kuwasha kinasasauti, waundaji wawaendee wapigaji na wazee wa Isukha na Idakho, jamii zenye ngoma hii, waeleze mchezo ni nini na utauzwa au utatolewa bure, wapatane fungu la wapigaji endapo utauzwa, na majina ya wapigaji yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo, juu ya majina ya waundaji.