Shingo Nayo Ina Habari Zake

Wahitimu wa fani za afya mnaoaga chuo cha Tosamaganga leo: mama anayepanda mlima na ndoo ya lita 20 amebeba kilo 20 hivi juu ya shingo. Ngata imetulia, mikono ameiachia. Akiitwa, hageuzi kichwa. Hugeuka mwili mzima.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti kutoka Kenya: wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba kichwani au kwa kamba ya kipajini walichukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Utafiti ule ulipima oksijeni. Kazi ya shingo ni habari nyingine, nayo ni kubwa.

Sikio la ndani huuarifu ubongo kwamba kichwa kimeinama. Haliwezi peke yake kujua kama kimeinama kichwa tu au mwili mzima unaanguka. Shingo ndiyo inayojua. Misuli midogo iliyo chini ya kisogo imejaa vipokezi vinavyopima jinsi inavyovutika. Habari zake hupanda hadi kwenye shina la ubongo na serebela, zikalinganishwa na za masikio na macho, kisha amri hushuka mgongoni na miguuni kabla mtu hajawaza lolote. Mwaka 1977 watafiti wa Uholanzi waliripoti kwamba watu waliodungwa ganzi shingoni walipepesuka, ilhali masikio yao yalikuwa mazima.

Kwa mtoto mchanga kazi hii ya shingo huonekana kwa macho. Akilazwa chali na kichwa kikageuzwa kulia, mkono wa kulia hunyooka, wa kushoto hukunjika. Rudolf Magnus na Adriaan de Kleijn walieleza miitikio ya shingo ya aina hii mwaka 1912. Kwa kawaida mwitikio huu wa mtoto hufifia kufikia miezi 6 hivi. Ukiendelea kuonekana wazi baada ya hapo, mtindio wa ubongo ufikiriwe, mtoto apewe rufaa mapema.

Basi wahitimu, mgonjwa wa kizunguzungu akija zahanati, mpimeni presha, mpimeni malaria, halafu mwulizeni kuhusu shingo: inauma? Ilipata kuumia? Aliyeanguka na bodaboda asigeuzwe shingo hata kidogo mpaka ithibitike kwamba haikuvunjika.