Baridi Huteremka Kama Maji

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Iyunga, Mbeya)



Mkulima wa mahindi akipata hasara mwaka huu, mwakani atapanda tena. Mwenye miparachichi hana nafasi hiyo. Hungoja miaka mitatu au zaidi kabla ya kuvuna, na usiku mmoja wa Julai waweza kumrudisha mwanzo. Alfajiri majani huwa meupe. Jua likipanda hugeuka meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Wananchi husema miti imeungua kwa baridi. Vitabu huuita umande huo ulioganda sakitu, nao ni adui anayejulikana sana Makete, Njombe na Mufindi.

Wapo wasemao kuwa adui huyo hana dawa. Usemi huo si sahihi. Sakitu ina tabia zake, na azijuaye aweza kujikinga.

Kwanza, baridi huteremka kama maji. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake angani. Hewa iliyo karibu nayo hupoa, huwa nzito, huporomoka kufuata mteremko na kutuama bondeni. Yeyote aliyeshuka mlimani alfajiri ya Julai ameihisi tofauti hiyo mwilini mwake.

Sasa tutazame yanayotendeka. Mkulima hupenda kupanda bondeni kwa kuwa maji yako karibu. Kisha huzungushia shamba ua mnene, hata upande wa chini. Kwa kufanya hivyo amejenga bwawa la baridi, na miche yake imo ndani. Kinga kubwa, basi, haingoji usiku wa baridi. Hufanywa siku ya kuchimba mashimo. Miparachichi ipandwe mteremkoni, bonde liachiwe malisho na mazao ya msimu, na ua wa chini uwe na mianya.

Pili, ardhi ni ghala la joto. Udongo uliolowa, usio na magugu, hupokea joto la jua mchana na kulitoa usiku. Matandazo huhifadhi maji, lakini usiku wa baridi hulizuia joto hilo lisiufikie mti. Dalili za sakitu zikionekana, yasogezwe kando, na shamba linyweshwe mchana. Miche michanga ijengewe vibanda vya nyasi. Awashaye moto na akumbuke kuwa kinachosaidia ni joto, si moshi. Mioto midogo mingi hufaa kuliko mmoja mkubwa. Na mti ulioungua usikatwe haraka: tungoje machipukizi yatuonyeshe sehemu iliyo hai.

Jambo hili si dogo. Julai 1975 sakitu iliteketeza mibuni ya jimbo la Paraná, Brazili, na bei ya kahawa ikapanda duniani kote. Ikiwa usiku mmoja uliweza kulitikisa taifa kubwa kama hilo, mwananchi mwenye miti hamsini atasalimikaje bila maarifa?

Ndugu zangu, mwaka 1972, huko Iringa, TANU ilitamka kuwa Siasa ni Kilimo. Tamko hilo lilidai maarifa yamfikie mkulima, nasi ndio wenye kuyafikisha. Mwalimu aweza kutundika vipimajoto viwili, kimoja bondeni na kingine mteremkoni, wanafunzi wakaandika vipimo kila alfajiri kuanzia Juni hadi Agosti. Baada ya misimu michache kijiji kitajua baridi yake inalala wapi. Bwana shamba naye alitembelee shamba kabla ya mashimo kuchimbwa, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ufike kijijini kabla ya usiku wenyewe.

Ni aibu kumhimiza mwananchi apande miche, kuihesabu miche hiyo katika taarifa zetu, kisha tusimwambie pa kuipanda.