Pikapu Ikimisi, Usikimbilie Nozeli

Leo nazungumza nawe unayejifunza ufundi hapa kambini. Pikapu ya dizeli ndiyo inayombeba mjamzito usiku, kwa hiyo isikushinde.

Injini ikimisi, ikatetemeka na kukosa nguvu, anza na chujio la dizeli. Mwaga maji yaliyomo, au weka chujio jipya, kisha toa hewa kwa pampu ya mkono.

Bado inamisi? Kama ni injini ya zamani, iache iungurume taratibu. Weka uso mbali, legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja, sikiliza, kisha kaza. Nenda ya pili. Mlio ukibadilika, silinda hiyo inafanya kazi. Usipobadilika, tatizo liko hapo. Peleka nozeli hiyo ikapimwe.

Lakini nozeli zikiwa na nyaya za umeme, usilegeze kitu injini ikiwaka! Dizeli yake hutoka kwa nguvu kubwa mno, hupenya ngozi kama sindano. Kidonda ni kidogo, ila mkono unaweza kukatwa. Ikikupata, wahi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama huumwi.

Gari hutengenezwa, ndugu yangu. Mkono hauna spea.