Jani Moja kutoka Uluguru: Kromosomu, Majina na Undugu wa Mimea



Wazee wetu mlioteremka kutoka Mgeta, Matombo na Kinole, naanza shambani kwenu. Migomba mingi tunayolima ina kromosomu 33 katika kila seli, yaani seti 3 za 11. Seti 3 haziwezi kugawanywa nusu kwa nusu ua linapoandaa mbegu. Ndiyo maana ndizi tunaila bila kutema kokwa, na shamba jipya tunalianzisha kwa machipukizi. Anayeuliza kuhesabu kromosomu kunamfaa nini mkulima, jibu lake analimenya kila siku.

Leo, hata hivyo, nataka kuzungumzia mmea usioliwa. Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua la zambarau Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha, na tangu hapo limepamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Milima yetu ya Uluguru nayo ina ndugu za ua hilo. Walter Goetze alikusanya mimea katika milima hii mwaka 1898, na mwaka 1900 Adolf Engler wa Berlin akautangaza mmoja wao kuwa Saintpaulia goetzeana.

Kisha majina yakaongezeka. B. L. Burtt wa Edinburgh alitenganisha spishi nyingi kwa kutazama hasa vinyweleo vya majani. Vinyweleo hivyo vikaonekana kubadilika mno, na mwaka 2006 Iain Darbyshire alizipunguza spishi zote za Saintpaulia hadi 6. Je, kromosomu zingemaliza ubishi huo? Hapana. Mimea hii ya porini, ilipohesabiwa, ilikutwa na 30. Ndugu wote wana idadi ileile, kwa hiyo idadi haiwezi kumtambulisha mmoja mmoja.

Hapa ndipo ninapowaomba wazee mnisaidie. Mluguru akitaka kujua mtu ni wa nani, haangalii pua. Anauliza ukoo wa mama. Saintpaulia, kinyume chake, ilitengwa na jenasi ya Streptocarpus kwa sababu ya uso wake: ua bapa lenye chavulio za manjano, na tunda lisilojisokota, ilhali jina Streptocarpus lenyewe maana yake ni tunda lililosokotwa. Lakini Streptocarpus ina matawi mawili makubwa: tawi la kwanza, ambalo wengi wao wana shina la kawaida, lina kromosomu 30, na tawi la pili, ambalo baadhi yao huishi na jani moja tu maisha yote, lina 32. Ile 30 ya Saintpaulia ilikuwa ikitaja ukoo wake muda wote. Mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk walisoma vinasaba wakaikuta Saintpaulia ndani ya tawi la 30, na mwaka 2015 jenasi hiyo ikaingizwa rasmi katika Streptocarpus. Ua lilikuwa limebadili sura. Ukoo haukubadilika.

Wenzetu wa Ulaya waliujali ushahidi huu wa kromosomu mapema. Mwaka 1961 Áskell na Doris Löve walichapisha orodha nzima ya idadi za kromosomu za mimea ya Ulaya ya kati na ya kaskazini-magharibi, na kazi yao kubwa juu ya mimea ya Ulaya, Flora Europaea, iliyotoka kati ya 1964 na 1980, iliziweka idadi hizo pamoja na maelezo ya spishi. Kazi yetu kubwa juu ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanza kuchapwa 1952 na kukamilika 2012, ilijengwa juu ya mimea iliyokaushwa. Siidharau hata kidogo. Bila hiyo tusingekuwa na pa kuanzia. Ila jani kavu halina seli inayogawanyika, na kromosomu huhesabiwa seli inapogawanyika. Tena makabati huungua: Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya mimea ya Berlin, pamoja na vielelezo vingi vilivyotoka huku kwetu.

Kwa hiyo nasema bila kusita: kazi hii ya kuhesabu kromosomu mahali pake ni hapa, chini ya mlima, ambako mizizi iko hai. Wala haihitaji kung'oa kitu. Mimea hii ya Saintpaulia huota mizizi kutoka kwenye jani. Mwanafunzi mwenye kibali anashuka na jani moja katika pamba mbichi, anachomeka kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu, anasubiri. Mizizi ikitoka, anakata ncha zake asubuhi, anaziloweka katika dawa ya kuzuia seli zisimalize kugawanyika, kisha katika alkoholi na asidi ya siki. Anazilainisha, anazitia rangi, anazibonyeza chini ya kioo chembamba kwa kidole gumba. Halafu anainamia hadubini na kuhesabu. Na arudie mara ya pili na ya tatu, seli hadi seli, maana kromosomu za mimea hii ni ndogo mno, na mbili zikilaliana huonekana moja.